Fedha Katika Ukuta wa Chungu

Mwalimu wa Kemia hakuwa na imani na kitu kinachong'aa. Sufuria mpya aliisugua kwa majivu mpaka ikafifia, ndipo akaipikia. Viatu vyake vya kanisani alivipaka rangi kila Jumamosi, lakini hakuvipiga brashi ile ya mwisho ya kuleta mng'aro. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kwamba kitu kinachong'aa kinakurudishia sura yako mwenyewe, chenyewe hukioni. Alikuwa anachambua maharage wakati huo, wala hakuinua kichwa.

Tuligawana ukuta mmoja kwa miaka mingi, katika nyumba za walimu za sekondari moja nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mimi nilipangiwa huko kutoka Tanga, kufundisha Kiswahili, nikafika na kikoti chepesi kwa kuwa hakuna aliyenionya kwamba Kigoma nako kuna baridi ya kugandisha vidole. Yeye alikuwa mtu wa hukohuko, shamba la kwao likiwa Rungwe Mpya. Wanafunzi walimwita Madam kama walivyotuita sisi wote. Wazazi, wachuuzi, waimba kwaya na madereva wa bodaboda walimwita Mwalimu wa Kemia, hata wale ambao hawakujua kemia ni kitu gani.

Wiki niliyohamia alinisikia napiga ukuta kwa fagio. Akaja mlangoni.

"Mwakeye, dada. Unagombana na nani humo?"

"Mjusi," nikasema. "Mjusi kafiri, yuko juu ya dari."

"Oya, oya, mwache." Aliingia bila kukaribishwa, akasimama chini ya yule mjusi akamtazama kwa heshima, kama mtu anayetazama jirani aliyejenga ghorofa. "Unajua hana gundi miguuni? Hana kucha za kukamatia. Hana hata unyevu. Ana vinyweleo vidogo, kila kimoja kimegawanyika tena na tena, mpaka vinakuwa vidogo kiasi kwamba vikiusogelea ukuta, ukuta wenyewe unavivuta. Na wewe unamchapa fagio."

Nikamwambia sisi watu wa pwani tumefundishwa kumwua. Akajibu kwamba na wao walifundishwa mengi. Mjusi akabaki. Jioni akaniletea koti la sufi, zito, lenye harufu ya moshi, na hakutaka kulisikia neno asante. Hayo mawili, mjusi na koti, yalinitosha kumjua kwa muda mrefu.

Alipenda kudondosha maji. Nadhani hiyo ndiyo tabia ambayo kila aliyemfahamu ataitaja. Alikuwa na bomba la sindano lisilo na sindano, alilolibeba mkobani pamoja na kitana na Agano Jipya, na popote alipokaa alidondosha tone moja juu ya kitu fulani akainama kulitazama kwa ubavu. Jani la mgomba. Kitenge kipya, halafu kitenge kilekile baada ya kufuliwa. Ubao wa kukatia nyama. Kiganja cha mkono wangu kabla na baada ya kupaka mafuta. Kwenye jani la magimbi tone husimama duara kama shanga na kuteleza bila kulowesha. Kwenye udongo uliochomwa hutanda na kupotea. Alilipiga picha kwa simu, akaweka kipimapembe cha plastiki juu ya kioo cha simu, akasoma pembe ambayo tone limefanya na kile kilicholibeba. "Ndivyo maji yanavyosema," aliniambia. "Pembe ikiwa kubwa, maji yanasema: huyu simtaki. Ikiwa ndogo, yanasema: huyu ni wetu."

Darasani alikuwa mkali kupita kiasi. Alisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi zikaonekana zimetoka machinjioni. Lakini kila mwaka kidato cha tatu walimsubiri kwa siku moja ya kibatari. Aliwasha kibatari cha mafuta ya taa, akapitisha kipande cha kioo juu ya moshi mpaka masizi yakakifunika, kisha akadondosha maji. Matone yalikimbia juu ya masizi kama yanafukuzwa. Kioo kikabaki kikavu. Wanafunzi walipiga kelele mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani. Mwalimu wa Kemia alisubiri watulie, akasema: "Sasa ondoeni neno uchawi vinywani mwenu, mniandikie kwa nini."

Kwa nini, ndiyo hadithi ya maisha yake, na aliijifunzia mbali. Miaka kadhaa kabla sijamjua alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika chuo kimoja cha kaskazini. Huko walikuwa na chombo ambacho, kwa maelezo yake, ni hadubini isiyotazama. Inapapasa. Ina sindano ambayo ncha yake ni nyembamba kuliko chochote unachoweza kukifikiria ukianza na unywele, na sindano hiyo imekaa kwenye ubao mdogo unaonesa. Mwanga wa leza unapigwa mgongoni mwa ubao. Sindano ikipita juu ya kitu, ikipanda na kushuka kwenye vilima visivyoonekana, ubao unanesa na mwanga unahama, na kompyuta inachora vile vilima.

"Kama kipofu anayekupapasa uso akujue," nikasema.

"Ego, ndivyo. Lakini kuna zaidi." Tulikuwa tunamenya muhogo nyuma ya nyumba. Akasogeza ncha ya kisu polepole karibu na muhogo. "Sindano ikishuka, kabla haijagusa, ikiwa imebaki nafasi ndogo sana, inaruka yenyewe. Inavutwa. Halafu ukitaka kuitoa, haitoki. Unavuta, inang'ang'ania, unavuta, inang'ang'ania, halafu pwa! inabanduka. Pale inapobanduka ndipo unajua vinapendana kiasi gani." Aliweka kisu chini. "Huku kwetu vitu vinaanguka kwa sababu ya uzito. Kule chini, kwenye udogo ule, uzito hauna kazi. Kule ni kunata tu. Nani kanata na nani."

Alichokipapasa kwa muda wote wa masomo yake kilikuwa udongo wa Rungwe Mpya. Alikuwa ameubeba kwenye mfuko wa unga. Alitaka kujua punje za fedha, ndogo kiasi cha kutoonekana hata kwa hadubini ya shule, zinaushika vipi udongo uliochomwa, na zinaachia lini.

Waliomfundisha walimtaka abaki. Alirudi. Watu walitoa sababu zao: mama mgonjwa, mchumba, kiburi. Mimi nilimuuliza moja kwa moja, naye akanijibu kwamba alichoka kusikia udongo wa kwao ukiitwa sampuli. Siku nyingine nilipomuuliza tena alisema chakula cha kule kilikuwa na sukari nyingi. Sikupata jibu la tatu.

Tulibishana sana juu ya lugha. Mimi nilikuwa nafundisha methali, yeye alikuwa anasikiliza kupitia dirishani, na akitoka darasani huja kunidai maelezo. Ile ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, hakuikubali kabisa.

"Mnawafundisha watoto kwamba la maana liko ndani."

"Si ndivyo?"

"Kutu inaanzia wapi? Usoni. Kidonda? Usoni. Chungu cha kuchujia maji kinachujia wapi? Kwenye kuta za vitundu vyake, usoni. Ukikikata kitu vipande vidogo na vidogo zaidi, mwishowe ndani inakwisha. Unabaki na uso mtupu. Huo ndio unafanya kazi yote."

Nikamwambia hiyo ni kemia, mimi nafundisha maadili. Akafikiri. "Basi waambie kuna mkakasi wa aina mbili," akasema, akaondoka, na mpaka leo sijui alikusudia nini.

Kazi ya vyungu aliianzisha likizo moja na akina mama wafinyanzi wa kijijini kwao. Haikuwa siri wala muujiza. Udongo unachanganywa na maranda ya mbao yaliyochekechwa, unafinyangwa kuwa chombo cha umbo la ndoo, unachomwa. Maranda yanaungua na kuacha vitundu vidogo ambavyo maji yanapenya taratibu na uchafu unabaki. Kisha ukuta unapakwa maji yenye zile punje za fedha, ambazo hukaa ndani ya vitundu na kuua vijidudu vinavyopita karibu. Chungu kinakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye bomba. Unamimina maji ya mto juu, unakwenda shambani, ukirudi unakuta maji ya kunywa chini.

Shida ya kwanza ilikuwa neno. Aliposema kwenye mkutano wa kijiji kwamba chungu kitapakwa fedha, mzee mmoja alisimama akauliza kama serikali inajua kwamba wanawake wanapaka hela kwenye vyungu. Watu walicheka mpaka mkutano ukaahirishwa. Mkutano uliofuata alikuja na chupa ya zile punje na hereni ya fedha aliyoiazima kwangu. Akawaonyesha: fedha ikiwa kubwa inang'aa, ikisagwa mpaka ikawa punje za udogo ule, inapoteza mng'aro wake, maji yanakuwa ya njano kama chai ya rangi iliyopoa. Alisema, na maneno haya yalikuja kumrudia, "Fedha hii inaua vijidudu. Msiiogope, haitawadhuru." Kijana mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Hakuna aliyemkataza, kwa nini akatazwe?

Vyungu vilisaidia. Mganga wa zahanati alisema kuhara kwa watoto kumepungua katika nyumba zenye vyungu, na wanawake waliovitengeneza wakawa wanapelekewa oda mpaka kutoka Kibondo, kwa watu waliokuwa wanafanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Yeye mwenyewe alikuwa nacho jikoni. Na bado, kila asubuhi, nilimwona akichemsha maji yaliyokwisha kuchujwa.

"Hukiamini chungu chako?" nikamwuliza.

"Nakiamini. Lakini kuni ninazo."

Alikuwa na kaka, mkubwa wake, mkulima wa mihogo na mfugaji wa nyuki, mtu mrefu mwenye sauti ya chini iliyoongoza besi katika kwaya yao. Ndiye aliyemsomesha baada ya baba yao kufariki. Walikuwa na desturi ya kutosifiana. Kaka akileta asali, dada anasema ina nta nyingi. Dada akipika, kaka anauliza kama chumvi imepanda bei. Lakini nilimwona Mwalimu wa Kemia siku kaka yake alipopimwa na kukutwa na sukari: alinakili jina la kila kidonge kwa mkono, akambandikia ratiba nyuma ya mlango, na kila Jumapili baada ya ibada alihesabu vilivyobaki kwenye chupa huku anajifanya anatafuta kitu kingine.

Muuzaji alikuja msimu wa mavuno ya maharage, wakati soko la Kasulu limejaa. Alikuwa mtu wa kutoka nje ya mkoa, nadhifu, mpole, mwenye kipaza sauti na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Juu ya meza palikuwa na chupa ndogo za bluu. Maji ya Nano, aliyaita. Yana fedha, alisema, fedha ya kisayansi, inaingia kila mshipa na kuua kila ugonjwa: taifodi, vidonda vya tumbo, presha, sukari. Kisha alisogeza simu kwenye kipaza sauti, na soko zima likasikia sauti ya Mwalimu wa Kemia, ikipanda na kushuka kwa lafudhi yake ya Kiha ambayo hakuna mtu angeweza kuiigiza: "Fedha hii inaua vijidudu. Msiiogope, haitawadhuru."

Tulikuwa kwenye mitihani, hatukwenda sokoni majuma mawili. Kaka yake naye hakuonekana kanisani. Jumapili ya pili Mwalimu wa Kemia aliniambia twende Rungwe Mpya tukamwangalie. Tulimkuta amekaa nje, mguu wa kulia umefungwa kitambaa, na ile harufu tuliisikia kabla hatujamfikia.

"Amahoro, kaka. Mguu umefanya nini?"

"Nilijikata na jembe. Kidogo tu."

Aliinama akafungua kitambaa. Nilitazama pembeni. Aliufunga tena polepole.

"Vidonge viko wapi?"

"Nimeacha."

"Nani kakwambia uache?"

Kaka alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe," akasema. "Nimekusikia kwa masikio yangu. Nikasema, kumbe mdogo wangu anajua dawa nzuri kuliko hizi, ananionea haya kuniambia kwa kuwa ni ghali." Akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akatoa chupa ya bluu. Ilikuwa karibu tupu. Nyingine, tupu kabisa, zilikuwa zimepangwa dirishani.

Mwalimu wa Kemia alinituma nikatafute gari. Hospitalini walijaribu walivyoweza, na mwishowe mguu ulikatwa chini ya goti. Kaka alipozinduka alimwuliza dada yake swali moja: "Ulikuwa unadanganya kule kwenye mkutano au unadanganya sasa?" Dada alipoanza kumweleza tofauti ya fedha iliyoshikwa na ukuta wa chungu na fedha iliyomo tumboni mwa mtu, kaka aligeukia ukutani. Hakusema naye tena kwa muda mrefu. Chakula alikipokea kutoka mkononi mwangu.

Watu wengi wangelia. Labda Mwalimu wa Kemia naye alilia, ukuta wetu ulikuwa mnene. Nilichokiona ni kwamba siku ya soko iliyofuata alivaa sketi yake ya shule, akachukua bilauri mbili za maabara na kile kitochi cha leza nyekundu ambacho watoto huchezea, akaniomba nimsindikize.

Alimkuta muuzaji katikati ya maneno yake. Akanunua chupa moja mbele ya watu, akaimimina kwenye bilauri. Kwenye bilauri ya pili akamimina maji yake ya njano kutoka maabara. Akaomba kanga mbili, tukazishika juu yake kufanya kivuli. Kisha akawaambia watu waliomzunguka: punje za fedha ni ndogo, hamtaziona, lakini mwanga unazigonga. Maji yenye punje yataonyesha njia ya mwanga. Maji matupu hayataonyesha kitu.

Akapitisha leza kwenye bilauri yake, na uzi mwekundu ukaonekana ndani ya maji, umenyooka, mzuri. Akapitisha kwenye bilauri ya muuzaji. Hakukuwa na uzi. Ni maji tu.

Soko lililipuka. Muuzaji alizomewa, chupa zikapigwa mateke, mama mmoja akamshika shati. Tulirudi nyumbani tukiwa tumesindikizwa kama maharusi. Nilifikiri yamekwisha.

Wiki iliyofuata muuzaji alirudi. Alikuwa na kibanda, chupa mpya, na kitochi cha leza nyekundu. Kwa upole uleule aliwaambia watu kwamba alitapeliwa na wakala wake, kwamba anamshukuru mwalimu kwa kumfumbua macho, na kwamba sasa ana mali halisi. Akazima taa ya kibanda, akapitisha leza, na uzi mwekundu ukaonekana. Watu walipiga makofi. Walipanga mstari mrefu kuliko ule wa kwanza.

Nilimwona Mwalimu wa Kemia akisimama nyuma ya mstari ule na bilauri zake kwenye kikapu. Alikuwa amekauka.

"Niliwapimia kama fedha imo," aliniambia. "Hakuna aliyeniuliza kama inafaa. Nimemtengenezea biashara."

Alijaribu kusema. Alisimama karibu na meza, akaeleza kwamba kinachosaidia ukutani mwa chungu hakitibu sukari mwilini, kwamba hata hiyo fedha halisi ikinywewa kwa wingi inaweza kumdhuru mtu. Muuzaji hakumkatiza. Alimwacha amalize, kisha akabonyeza simu: "Msiiogope, haitawadhuru." Watu wakacheka. Mwanamke mmoja wa kwaya yake mwenyewe akamwambia, bila ubaya, "Mwalimu, tuache tupone."

Alirudi siku ya soko iliyofuata, na iliyofuata. Alikwenda ofisi ya afya, akaambiwa suala lake limepokelewa. Akarudi sokoni. Alikuwa amekonda. Wanafunzi walianza kumwiga sauti kwenye mabweni.

Aliyemaliza jambo lile ni kaka yake, na hakumwambia mtu kwamba anakuja. Alifika kwa bodaboda, magongo yamefungwa ubavuni kwa mpira, akashushwa mbele ya meza ya kitambaa cheupe. Aliomba akalie gunia la maharage la mchuuzi wa pembeni. Alikunja suruali yake taratibu mpaka juu ya goti, akaufungua mguu pale ulipoishia, ukiwa bado na nyuzi, akaunyoosha mbele yake juani. Halafu akatoa chupa za bluu kutoka kwenye mfuko, akazipanga chini, moja moja.

Muuzaji alimwambia, "Mzee wangu, nadhani wewe ulipata zile za zamani."

"Labda," kaka akasema kwa ile sauti ya besi. "Hizi nilizinywa. Nikaacha vidonge. Mguu huu nilikuwa nao Pasaka." Hakumtazama dada yake, ambaye alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. "Anayetaka kununua anunue. Mimi nimekuja kukaa tu."

Akakaa. Watu walikuja, wakatazama mguu, wakatazama chupa, wakapita. Yule mwanamke wa kwaya alirudisha chupa yake mezani akaondoka bila kudai chochote. Kufikia adhuhuri meza ilikuwa haina mtu mbele yake. Muuzaji alikunja kitambaa chake. Maafisa wa afya walikuja baadaye sana, wakakuta kibanda kinauza chaja za simu.

Kaka na dada walirudi nyumbani kwa bodaboda mbili. Nilidhani sasa watapatana. Hawakupatana siku ile, wala mwezi ule. Kaka alirudia vidonge, akavihesabu mwenyewe.

Mwalimu wa Kemia alibadilika katika jambo moja tu ninaloweza kulithibitisha. Tangu hapo, akifundisha kwamba kitu fulani kinafanya kazi fulani, hakumwachia mwanafunzi kalamu mpaka aandike pia kinafanya wapi, na wapi hakifanyi. Mtihani wake ulikuwa mrefu kwa sababu hiyo, na uliogopwa. Mwisho wa mwaka uliofuata aliomba uhamisho akaenda Kibondo. Kabla hajaondoka aliniachia kile chungu cha jikoni, na akasahau makusudi kulichukua lile koti la sufi.

Nilimwona tena hivi karibuni, nilipokwenda Kibondo kusimamia mitihani. Simu yake ilikuwa haipatikani, lakini mtu wa kwanza niliyemwuliza stendi alinionyesha njia. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda la bati, na ndani yake vyungu vimepangwa kwenye majani makavu. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa bandia ameuvua ameuegemeza mlangoni, anagonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio. Chenye ufa, kilicholia kwa sauti ya kukoroma, alikitenga.

"Anakupikia vizuri?" nikamtania.

"Chumvi imepanda bei," akasema.

Mwalimu wa Kemia alitoka na mvi ambazo sikuziacha kichwani mwake. Hatukupata nafasi ya kuongea. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke wa Kirundi kutoka Nduta, mtoto mgongoni, amejiandikisha kurudi kwao Burundi na msafara wa juma lile. Alitaka chungu cha kuondoka nacho.

Mwalimu alimletea kimoja, akakiweka kati yao, akaanza. Hakiponyi ugonjwa wowote. Mtoto akiwa na homa, hospitali. Hakitoi chumvi kwenye maji wala sumu ya shambani. Kikipata ufa, hata mdogo, ni cha kupandia maua. Usikisugue kwa mchanga. Kina mwisho wake, hakidumu milele. Fedha iliyomo ni ya ukutani, si ya kunywa, na mtu yeyote atakayekuja kijijini kwenu kukuuzia...

Mwanamke alimsikiliza mpaka Mwalimu akaishiwa pumzi. "Mwalimu," akasema, "mbona unauza kama unanyima?"

Ndani ya banda kugonga kulikoma. Kisha nikasikia kaka anacheka, kicheko cha chini kilichotingisha kigoda, na Mwalimu wa Kemia naye akacheka, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Basi niambie moja tu," mwanamke akasema. "Kinafanya nini?"

Alifikiri. Nilimwona anatafuta, anatupa maneno, anatafuta mengine.

"Mtoto wako atakunywa maji," akasema hatimaye, "na kesho yake ataamka kama alivyolala."

"Hilo linanitosha. Urakoze."

Akakifunga chungu kwa kitenge, akajitwika, akaondoka kwa mwendo wa watu wanaobeba kitu cha kuvunjika. Alikuwa amekwisha kufika barabarani kaka alipopaza sauti kutoka bandani: "Mfuniko! Hajachukua mfuniko!"

Mwalimu wa Kemia aliutazama mfuniko uliobaki juu ya majani. Katika miaka yetu yote ya ujirani, mvua ikinyesha, kengele ikilia, mkaguzi akifika, sikuwahi kumwona anakimbia. Aliuchukua kwa mikono miwili, akakimbia.